Pindo la Vidole Vitatu

Kisiwani, 9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, maana naamini umeshaniamkia huko uliko, au angalau ulikusudia. Sisi wazima. Mama mzima ila mtoto wa jicho anazidi kukua: jicho la kushoto haoni kabisa, la kulia anaona mwanga tu. Shemeji yako haonekani nyumbani, yuko juu ya mapaa ya watu, maana tangu dhoruba kila mwenye nyumba anamwita yeye. Kimya anakusalimu. Bado anatushonea, na tangu ulipoondoka, miaka sita sasa, hajafunga mdomo hata siku moja. Aliyembandika jina hilo alikuwa na utani mbaya.

Barua huwa unaandika wewe, maana Mama hataki kushika simu; leo naandika mimi kwa sababu mnara wa simu ulianguka na hakuna aliyekuja kuusimamisha. Tena ni afadhali. Mimi na wewe tukipigiana simu hatumalizi dakika tatu bila mmoja kumkatia mwenzake.

Habari za dhoruba umezisikia redioni. Redio haikukwambia kwamba maji yaliingia dukani hadi kwenye kanyagio za cherehani. Mimi nilikuwa nimeshapandisha majora karibu yote ya kitambaa kwenye rafu ya juu, nikajiona mjanja wa mji. Bati likang'oka juu ya rafu hiyohiyo! Cha chini tukakiokoa, cha juu kikalowa chote. Mashine mbili za umeme zimeliwa na chumvi, ukiziwasha zinakoroma tu. Zilizobaki ni zile za miguu ambazo Mama alikataa tusiziuze, na kila asubuhi ananikumbusha kwamba alikataa.

Hoteli imefungwa. Wageni hawaji, kwa hiyo mashuka na foronya tulizokuwa tukiwashonea ndiyo basi tena. Limebaki jambo moja tu la kutushikilia, nalo ni sare za shule. Shule inafungua mwisho wa Mei. Tukizishona, duka litapumua hadi mwakani. Tukizikosa nafunga mlango, na Kimya na wenzake wawili warudi makwao. Na kisiwa kizima sasa hakuna kitambaa cha buluu hata cha kufutia meza.

Basi nakuomba, na ujue neno hili limenitoka kwa shida. Nenda kwa wauzaji wa jumla huko bara, unitafutie majora kumi ya ile buluu ya shule uyapakie kwenye meli ya kwanza. Mwalimu mkuu amesema ataningoja hadi katikati ya Mei.

Mama anakuulizia kila siku. "Mwanangu hajambo?" Mimi ninayemshika mkono kumpeleka bafuni ananiuliza kama chai imeiva. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Waje kwetu waone.

Dada yako


Mjini, 6 Aprili

Shikamoo dada,

Barua yako imechukua wiki tatu njiani. Poleni sana na yote, mpe pole na shemeji, mwambie ashuke paani ale. Mimi sijambo. Nimehama, sasa nakaa ghorofa ya tatu juu ya duka la rangi, na harufu yake imeingia mpaka kwenye mkate. Kile kiwanda cha nguo kilitupunguza tangu Januari. Sikukwambia kwa sababu sikutaka ufurahi.

Usikasirike, nakutania. Au sikutanii, sijui.

Nimenunua mashine mbili zilizotumika, nimeziweka hapahapa chumbani, na wanawake wawili wa ghorofa ya chini wanakuja kunisaidia. Kuhusu kitambaa, nimezunguka maduka yote. Buluu ya shule ni shida huku pia, na iliyopo imeshachukuliwa. Nitaendelea kuangalia. Nimepata kazi kubwa kidogo, ya haraka, kwa hiyo nikichelewa kuandika unisamehe.

Unalalamika kwamba Mama ananiulizia. Dada, wewe unaye Mama mwenyewe! Una duka, una mkasi wake, kibao cha mlangoni chenye jina lako ukikitazama asubuhi unajiona wewe. Mimi nina kuulizwa tu. Ukitaka tubadilishane, sema.

Kipande hiki msomee Mama, usimpunguzie: Shikamoo Mama. Bado nakata kitambaa ulivyonifundisha, sipimi kwa futi mpaka nimepima kwa mkono. Wenzangu wananicheka. Nijibu hata neno moja, dada ataliandika.

Mimi mdogo wako


Kisiwani, 3 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote wazima, Mama mafua yalimshika yakamwachia. Bati limerudi mahali pake. Kitambaa sikukiona, na wala siulizi tena.

Nataka kukusimulia habari za sketi moja.

Unamkumbuka Kontena, yule mfanyabiashara ambaye tumbo lake hufika mahali kabla yake? Meli ya katikati ya Mei iliteremsha marobota yake sita, sare za shule zilizokwisha kushonwa, za kila umri. Kesho yake mwalimu mkuu akaja dukani. Hakuingia, alisimama mlangoni ameshika kofia kama mtu aliyekuja kuhani. "Fundi," akasema, "mimi nilikuahidi, lakini watoto hawawezi kuvaa ahadi." Nikamwambia nenda mwalimu, huna kosa. Alipogeuka niliupiga teke mtungi wa maji, na kidole bado kinaniuma.

Nikaenda kununua sketi moja, niione sura ya adui. Nikaikagua kama mtu anayemtafuta chawa kichwani mwa mtoto. Mshono umenyooka, zipu imelala, kiuno kimekaa. Kasoro hamna! Nikafika kwenye pindo. Wewe umefanya kazi kiwandani, unajua pindo lao: kidole kimoja, basi, kitambaa hakitupwi. Hili lilikuwa la vidole vitatu. Tena halikupigwa kwa mashine, lilishikizwa kwa mkono kwa mishono mirefu iliyolegea, ili mtoto akirefuka mzazi alifumue na kulishusha mwenyewe.

Ni nani chini ya jua anayeacha pindo la namna hiyo? Mama alitufundisha hivyo tukiwa wadogo, tukambishia kwamba tutakosa wateja, akatujibu kwamba mtoto anarefuka kila mwaka lakini meli haiji kila mwaka.

Nilimpa Mama sketi ile mkononi bila kusema neno. Akaipapasa kiunoni, akashuka nayo mpaka chini. Akaweka vidole vyake vitatu juu ya pindo, vikaenea sawasawa. Akacheka. Si tabasamu, alicheka kwa sauti mpaka Kimya akasimamisha cherehani. Kisha akataja jina la mtu. Sitaliandika hapa. Kimya alilisikia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa la kusema.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndivyo tulivyoambiwa. Naona inaua duka.

Wewe kazi yako kubwa ya haraka ilikwendaje?

Dada yako


Kisiwani, 14 Julai

Mdogo wangu,

Hatujambo. Meli tatu zimekuja na barua yako haimo. Haya, nitasema mimi.

Ni wewe. Nilikuandikia kwa mkono wangu mwenyewe kwamba sina kitambaa, na kwamba shule inangoja. Ukaenda ukashona, ukampa Kontena alete. Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yote nilidhani ni methali tu. Wale washonaji wawili nimewaaga Ijumaa. Mmoja alilia, mwingine alinitazama tu, na huyo wa kunitazama ndiye aliyenimaliza. Kimya amegoma kuondoka. Anasema atashona kwa chakula cha mchana, na kwamba nikimfukuza atakaa nje ya mlango aongee.

Tenda ingenipotea hata kwa mgeni, ningelia nikanyamaza. Kinachonitafuna ni kile kicheko. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemkata kucha, ninayemsomea, na hajawahi kunichekea hivyo hata siku moja. Wewe umemtumia pindo tu. Nakuonea wivu. Ndiyo, neno lenyewe ndilo hilo, lisome mara mbili ulifaidi.

Dada yako


Mjini, 8 Agosti

Shikamoo dada,

Mimi mzima wa mwili. Nilianza barua hii mara nne. Ya kwanza nilisema sikujua sare zinakwenda shule gani. Nikaichana, maana ulikuwa uongo.

Nilijua. Kontena alikuja huku wiki ileile niliyopata barua yako. Kitambaa ni yeye aliyekichukua chote madukani, akatafuta fundi wa kukishona haraka. Nilikuwa nimeshauza kitanda, nalala chini kwenye mabaki ya vitambaa. Njaa ningeitaja ingekuwa sababu nzuri, nawe ungenionea huruma. Lakini niache niseme kweli yote. Ningeweza kumwambia, mpe dada yangu ashone kulekule, kitambaa kikasafiri badala ya nguo. Neno hilo lilinifika hapa kwenye ulimi. Nikalimeza.

Nililimeza kwa sababu yako. Siku niliyoondoka ulisema, mbele ya Mama na mbele ya wateja, kwamba duka halina haja ya mafundi wawili wanaojua kazi. Mama hakusema kitu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitaka mtu mmoja tu kisiwani ashike kazi yangu ajue ni yangu. Pindo lile linakula kitambaa, Kontena alinigombeza, nikamdanganya kwamba ndivyo shule inavyotaka. Sketi mia tatu, dada, nilizishikiza kwa mkono zote, kwa kuwa sikujua ni ipi itakayomfikia Mama. Kwa hiyo kicheko kile nilikifanyia kazi. Usininyang'anye.

Kontena amenikimbia sasa, amepata mwingine asiyepoteza kitambaa. Cheka.

Nami nina swali, na mara hii nijibu. Kila barua namwekea Mama kipande chake. Miaka sita. Kwa nini hajanijibu hata neno moja?

Mdogo wako


Kisiwani, 11 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumepata dhoruba ya pili. Wote hai, Mama alilala kwa mwalimu mkuu siku mbili kwa kuwa nyumba yake iko mwinukoni, akarudi na malalamiko kwamba chai yao haina majani. Mara hii bati limeshika. Shemeji yako anatembea kifua mbele kama kwamba yeye ndiye aliyeusimamisha upepo.

Maji ya bahari yaliingia kwenye nyumba nyingi, na nguo zote zikalowa. Sare zilipokauka zikarudi, zimefupika vidole viwili na zaidi. Kontena alikuwa ameshaleta marobota mengine, ya huyo fundi wake mpya. Yalikaa bandarini yakaota ukungu, na yale yaliyopona pindo lake kidole kimoja, ukilifumua unapata nini? Wazazi wakaja kwangu na sketi mikononi, foleni mpaka kwa muuza viatu. Umeme hakuna tangu siku hiyo, lakini cherehani za miguu haziujui umeme. Nikasema, haya, leteni. Tukafumua, tukashusha, tukageuza kola zilizochakaa ndani zikawa nje, tukaunganisha kaptula mbili zilizokufa ikapatikana moja hai. Wiki tatu hatukushona nguo mpya hata moja na duka halijawahi kujaa vile. Wale wawili wamerudi. Aliyenitazama sasa ananisalimia.

Sketi zako mia tatu zimepita zote mikononi mwangu. Nimefumua mishono yako mirefu kwa meno huku nikikutukana, moja baada ya moja. Na zote zimewaenea watoto upya.

Nikuambie na hili, kwa kuwa wewe umesema kweli yako. Akina mama walinishukuru. "Ahsante fundi kwa kutuachia pindo." Walidhani Kontena aliniachia mimi kazi ya mapindo, maana mkono wa Mama wanaujua. Nikaitikia, ahsanteni, karibuni tena. Shukrani zako nimezila mimi, na zilikuwa tamu.

Ile siku ya kuondoka kwako nakumbuka nilisema nini. Nilisema kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa hodari zaidi, na wateja walikuwa wameanza kukuulizia.

Dada yako


Mjini, 2 Oktoba

Shikamoo dada,

Sijambo. Barua yako nimeisoma ngazini, sikungoja kufika juu.

Yale ya shukrani nimekasirika, kisha nikacheka, kisha nikakasirika tena. Hilo la mwisho, la hodari, nimelikata kwa mkasi nimeliweka peke yake.

Wanawake wa ghorofa ya chini wamepata kazi kwingine. Nina mashine mbili na kodi ya chumba inaisha mwezi ujao. Nataka kurudi. Siombi duka. Naomba meza moja nyuma, hata kwenye kona ya pasi. Ukisema hapana nitaelewa, sitakuandikia maneno mabaya.

Lakini swali langu la Mama umeliruka. Umejibu yote umeliruka hilo. Kama amenikasirikia niambie nijue, nisije nikashuka melini na mizigo nikamkuta amenigeuzia uso. Kama ni yeye asiyetaka, sitakuja.

Mdogo wako


Kisiwani, 30 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Habari za afya zingoje leo.

Mama hajakukasirikia. Hajakujibu kwa sababu hajakusikia. Barua zako namsomea mimi, yeye haoni, na kila nikifika kwenye kipande chake nakiruka. Namwambia, "Anakusalimu." Basi. Miaka sita nimekuwa nikiruka. Akiuliza, "Hakusema jingine?" nasema hakusema. Nilitaka awe na mtoto mmoja tu wa kumwambia maneno, awe mimi. Na hata hivyo aliendelea kukuulizia wewe kila siku, ndiyo maana sikuacha.

Wewe ulininyang'anya sare za mwaka mmoja. Mimi nimekunyang'anya hayo. Pima mwenyewe.

Jana mchana nilifunga duka. Kimya nilimtuma sokoni ili nisikatizwe. Barua zako zote ninazo, sijatupa hata moja, sijui kwa nini. Nikakaa na Mama dirishani nikamsomea kuanzia ya kwanza, vipande vyake vyote, na hata vile unavyonisema mimi vibaya. Ilichukua mchana mzima. Alilia kidogo kwenye ile uliyoandika ukiwa mgonjwa. Kwenye ile ya kupima kwa mkono alitikisa kichwa, akasema, "Na futi atumie, asijifanye."

Jibu lake hili hapa, neno kwa neno: "Mwambie arudi. Aje na mashine. Amechelewa." Na langu ni hili: njoo. Meza ya nyuma hapana, kona ya pasi inavuja. Utakaa mbele, karibu na mlango, wateja wakuone, nami nitaumia na nitazoea. Usilete mashine ya umeme bila kuifunga vizuri, chumvi ya huku unaijua. Na usithubutu kunisahihisha mbele ya Kimya.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo sina wa kumwambia ila wewe. Nilipomaliza barua ya mwisho nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari. Mama aliuliza kama zimekwisha, nikasema zimekwisha. Akasema, "Huyu aliye mbali ameniambia yote haya. Na wewe?"

Nikamwambia, Mama, mimi niko hapa, niko nawe kila siku.

"Najua," akasema. "Nasikia miguu yako inavyopita. Haya, kaa, niambie na wewe."

Nikakaa. Unanijua mdomo wangu, mdogo wangu. Nilikaa pale nimemshika mkono mpaka Kimya akarudi kutoka sokoni, na sikupata hata neno la kuanzia.

Dada yako